Tasfida Iliyovuliwa Nguo: Chimbuko la Tashtiti katika "Nchi ya Kitu Kidogo"

Wimbo wa Eric Wainaina, "Nchi ya Kitu Kidogo", uliotolewa mwaka 2001, aghalabu huelezwa kuwa ni kilio dhidi ya ufisadi. Maelezo hayo si ya uongo, ila ni mepesi. Kilio hakichekeshi, na wimbo huu unachekesha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba chimbuko lake halimo katika hasira ya msanii pekee, bali limo pia katika matumizi ya lugha yaliyozoeleka hata yakaacha kusikika.

Msomaji aitafakari barabara kuu ya Namanga. Gari litokalo mpakani hupita Kajiado, Isinya na Kitengela kabla ya kufika Athi River. Katika barabara kama hiyo, utingo aliyesimamishwa na askari hakutamka "hongo" wala "rushwa". Alisema "chai", au "kitu kidogo". Wanabalagha huiita mbinu hii tasfida. Kwa kawaida tasfida huustiri mwili, maradhi na mauti, mambo ambayo adabu haitaki yatajwe waziwazi. Hii yetu hustiri jinai, tena huwastiri wawili kwa pamoja: mpokeaji haonekani mlafi, na mtoaji haonekani mshirika. Kikombe cha chai kina ubaya gani?

Kajiado yenyewe inafundisha jinsi udogo huo ulivyo wa uongo. Sheria ya mwaka 1968 iliwaweka Wamaasai wengi katika mashamba ya pamoja ya ufugaji, yenye wawakilishi na rejista za wanachama. Shamba la Kitengela liligawanywa mwaka 1988. Vipande vikauzwa, ua zikajengwa, mji ukakua kando ya barabara. Kwingineko wilayani, katika eneo la Iloodoariak, hatimiliki ziliishia mikononi mwa watu wasio wenyeji, na baadhi ya wenyeji wakajikuta hawana ardhi. Hilo haliwezi kuitwa dogo. Katika ngazi ya taifa, kashfa ya Goldenberg ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilihusu mabilioni ya shilingi yaliyolipwa kama motisha kwa mauzo ya nje ya dhahabu na almasi, mauzo ambayo kwa sehemu kubwa hayakuwapo. Wakati huohuo, kwaya za enzi ya Nyayo zilikuwa zikiimba amani, upendo na umoja. Lugha ya barabarani ilipunguza, ya jukwaani ikatukuza. Zote mbili zilifunika.

Wainaina hakuwa mgeni katika uimbaji wa kizalendo. Wimbo wake "Kenya Only" uliwaliwaza wengi baada ya shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 jijini Nairobi. Kwa hiyo tashtiti yake inatoka kwa mtu aliyekwisha kuisifu nchi, na nadhani ndiyo sababu iliuma.

Mbinu yenyewe ni sahili ajabu. Msanii analichukua neno "chai" kwa maana yake ya msingi na kumwelekeza mwombaji Limuru, kunakolimwa majani ya chai. Tasfida huishi kwa makubaliano kwamba kila mtu atajifanya haelewi. Mmoja akikataa kujifanya, inakufa palepale. Wanafunzi wenzangu waliozoea kuisaka kejeli katika sitiari nzito nzito wangefaidika kuichunguza mbinu hii, ambayo haiongezi maana bali inairudisha.

Mwaka huohuo wa 2001, Wainaina aliuimba mbele ya Makamu wa Rais wa wakati huo, George Saitoti. Walijaribu kumkatizia sauti, lakini hadhira ikaendelea kuimba. Saitoti alikuwa mbunge wa Kajiado Kaskazini tangu mwaka 1988, na ndiye aliyekuwa Waziri wa Fedha Goldenberg ilipoanza. Haki inadai tuongeze kwamba Mahakama Kuu ilimwondolea lawama ya tume mwaka 2006. Linalotuhusu sisi wa fasihi ni kwamba wimbo haukumtaja kiongozi yeyote, na bado ukaonekana wa kuzimwa. Kinaya hicho hakikutungwa na msanii. Kilitungwa na waliomzima.

Hata hivyo, mhakiki hana budi kuuhoji wimbo. Udogo wa kitu unahamishiwa watu, kana kwamba mtoaji na mpokeaji ni sawa kwa kimo. Kisanaa ni pigo zuri. Kijamii nina wasiwasi nalo. Mchuuzi wa nyanya aliyezuiwa na askari jua la saa saba, mzigo ukianza kulainika, hatoi kwa moyo mdogo. Anatoa kwa sababu nyanya hazisubiri mahakama. Huyo naye, wimbo unamcheka.