KITI CHA MTU WA KAZI YA KALAMU

Watu wengi wanafikiri kwamba kukaa ni kupumzika. Mama akirudi kutoka shamba, jembe mkononi na mzigo wa mihogo mgongoni, kamba ikimkaza paji la uso, anamwona karani katika kiti chake na kusema, "Huyu hana kazi ya kumchokesha." Lakini hao wawili wanaonana tena katika baraza ya hospitali, nao wamekuja kwa sababu moja: mgongo unauma.

Mzigo wa mama tunauona kwa macho. Mzigo wa karani hatuuoni. Somo hili ni kwa ajili ya wale wenye kukaa saa nyingi: karani wa biro, mwalimu mwenye kusahihisha madaftari, muuguzi mwenye kuandika rejista, fundi wa kushona, mwanafunzi wa chuo kikuu, na kila mtu ambaye kazi yake iko ndani ya kompyuta. Neno tunalotaka ulishike ni hili: kiti kinapimwa kwa mwili wa mtu, kama vile nguo inavyopimwa. Hakuna mtu mwenye kumwambia fundi, "Nishonee suruali," kisha akaenda zake bila kupimwa. Lakini viti tunavinunua hivyo kila siku.

Mgongo ukikaa

Uti wa mgongo si mfupa mmoja. Ni mifupa midogo yenye kupangwa mmoja juu ya mwingine: 7 ya shingo, 12 ya kifua, 5 ya kiuno, na chini yake ile yenye kushikamana pamoja mpaka kifandugu. Ukiutazama kwa upande, si mnyoofu kama mti wa bendera. Shingoni unaingia ndani, kifuani unatoka nje, kiunoni unaingia ndani tena. Simama sasa, uweke mkono wako nyuma, juu kidogo ya mshipi wa suruali au wa kitenge. Utasikia bonde. Kisha kaa juu ya kigoda kifupi na kuinama mbele. Bonde limekwisha, na mgongo umekuwa kama upinde.

Kati ya mfupa na mfupa kuna kisahani, kigumu pembeni na laini katikati, chenye kuzuia mifupa isigongane. Kisahani cha mtu mzima hakina mishipa ya damu ndani yake, ila kidogo sana pembeni. Basi, kinapata chakula namna gani? Kinakipata polepole kutoka katika mifupa ya juu na ya chini, nacho kinasaidiwa mwili unapokwenda huku na huku: kinabanwa, kinaachiliwa, kama sponji ndani ya maji. Mtu mwenye kukaa saa nne bila kugeuka anaibana sponji hiyo, wala haiachilii.

Katika miaka ya 1960 munganga wa mifupa wa Sweden, jina lake Alf Nachemson, alitia sindano ya kupimia ndani ya visahani vya kiuno vya watu wazima. Aliona kwamba mtu mwenye kukaa bila kuegemea anakibana kisahani kuliko mtu mwenye kusimama. Mwaka wa 1999 wataalamu wa Ujerumani walimpima mtu mmoja kwa chombo kipya, nao hawakuona tofauti hiyo alipokaa kwa kulegea. Lakini vipimo vyote viwili vinapatana juu ya mambo mawili: kuinama mbele kunaongeza mzigo, na kuegemea nyuma kunaupunguza. Haya mawili yanatosha kwa kuchagua kiti.

Zamani watoto wa shule waliamriwa kukaa wima kama askari, na aliyelegea alipata fimbo. Hatufundishi hivyo tena. Hakuna namna moja ya kukaa iliyo njema kwa siku nzima. Kiti chema ni kile chenye kukuacha ubadilike: kuegemea, kuja mbele, kunyosha mguu mmoja, kisha mwingine.

Miguu nayo

Wengi wanafikiri kiti ni habari ya mgongo tu. Sikia habari ya London. Mwaka wa 1940, wakati wa vita, ndege za Ujerumani zilitupa mabomu usiku, na watu walijificha ndani ya mashimo na vyumba vya chini mpaka asubuhi. Vitanda havikutosha. Wengi walilala wakiwa wamekaa katika viti vya turubai vya kukunjwa, vile vyenye mti kupita mbele, chini ya mapaja. Munganga Keith Simpson, mwenye kuchunguza maiti, aliona kwamba vifo vya bonge la damu vimeongezeka. Damu iliganda ndani ya mishipa ya miguu, kisha bonge likapanda mpaka mapafu na kuua mtu kwa ghafula. Aliandika habari hiyo mwaka ule ule katika jarida la waganga, The Lancet. Alisema ule mti wa mbele ulikuwa ukibana mishipa ya damu nyuma ya mapaja, na watu wapewe vitanda.

Hatusemi kwamba kiti cha biro kitakuua hivyo. Wale walikuwa wazee wengi, nao walikaa usiku kucha bila kuondoka. Lakini ukingo wa kiti ni ukingo wa kiti. Kama miguu yako inakufa ganzi, au jioni viatu vinakubana na asubuhi havikubani, tazama kwanza ukingo wa mbele wa kiti chako na urefu wake kutoka chini.

Namna ya kujipima

Tafuta kamba na mita ya fundi wa kushona, na mtu wa kukusaidia. Vaa viatu unavyovaa kazini. Kaa juu ya meza au sanduku gumu, goti likunjwe kama pembe ya nyumba. Msaidizi apime kutoka chini ya kiatu mpaka nyuma ya goti, pale mguu unapokunjwa. Hicho ndicho kimo cha kiti chako. Mtu mmoja atapata sentimeta 38, mwingine 46. Kiti cha mtu wa pili kikipewa mtu wa kwanza, miguu yake itaning'inia, na uzito wote utakuwa juu ya mapaja. Kiti cha wa kwanza kikipewa wa pili, magoti yatapanda juu na kiuno kitapinda.

Kipimo cha pili ni kutoka matakoni, nyuma kabisa, mpaka nyuma ya goti. Toa upana wa vidole vinne, yaani kama sentimeta 7 hivi. Kinachobaki ndicho kina cha kiti. Watu wanakisahau kipimo hiki kuliko vyote. Wanawake na watu wafupi wanaumia sana kwa ajili yake, maana kiti chenye kina kirefu kinawalazimisha kukaa mbele, mbali na egemeo. Egemeo lipo, lakini halimfikii mtu.

Kipimo cha tatu ni bonde la kiuno ulilolisikia kwa mkono wako. Lipime kutoka juu ya kiti. Kwa watu wengi ni kati ya sentimeta 15 na 25. Hapo ndipo egemeo linapashwa kukusukuma kidogo.

Sasa nenda kwa fundi wa mbao. Mafundi wetu wanajua kazi, lakini wamezoea kutengeneza kiti cha wageni: egemeo limesimama wima, mbao zimenyooka, kimo ni kimoja kwa watu wote. Kiti hicho kinafaa kwa kunywa chai. Mwambie hivi: ukingo wa mbele aukwangue kwa randa mpaka uwe mviringo. Kiti kishuke nyuma sentimeta 1 au 2. Kati ya kiti na egemeo aache nafasi wazi, sentimeta 10 hivi, ili matako yapate mahali pa kwenda nyuma. Ubao wa kwanza wa egemeo aweke kwenye kipimo chako cha kiuno. Egemeo lote lilale nyuma. Kama ni refu sentimeta 50, ncha yake ya juu iende nyuma sentimeta 10 kupita chini yake. Fundi hahitaji chombo kingine ila mita na kamba yenye jiwe. Kaa juu yake kabla hajapaka vernisi, maana baada ya vernisi hatakubali kukata tena.

Habari ya meza. Mikono ikilala juu ya meza, mabega hayapashwi kupanda. Kiwiko kiwe sawa na meza au juu yake kidogo. Meza nyingi zina sentimeta 75, nazo ni juu mno kwa mtu mfupi. Kama huwezi kukata miguu ya meza (na meza ya serikali huwezi kuikata), inua kiti, kisha weka kibao au matofali mawili chini ya miguu yako. Kompyuta ya kukunjwa iinuliwe kwa vitabu mpaka macho yasitazame chini sana, na vibonye vya kuandikia viwe vya kando, kama unavyo. Usipokuwa navyo, iinamie kwa muda mfupi, uondoke.

Kiti cha kununuliwa

Katika magazeni ya Goma na Bukavu utaona viti vikubwa vyeusi vyenye magurudumu, vyenye kung'aa kama kiti cha mkubwa wa serikali. Mara nyingi mtu ananunua heshima, si kiti. Ngozi bandia haipitishi hewa, na katika joto jasho linakaa mgongoni. Lakini kati yao viko vizuri. Chagua chenye kupanda na kushuka, chenye miguu mitano, maana cha miguu minne kinaanguka upesi. Bonyeza sponji kwa ngumi: ukigusa ubao, baada ya miezi michache matako yako yataugusa pia. Usikae dakika moja na kusifu. Kaa robo saa, ukiandika juu ya goti, na mwenye duka akunje uso akipenda.

Kiti cha plastiki hakikatazwi. Kina kasoro mbili: kinapinda katikati, na miguu yake ikipata ufa inavunjika siku moja bila kukuambia. Weka mto mwembamba juu yake, na kunja kitenge au kitambaa cha kuogea kiwe kama mkate mrefu, ukifunge kwa kamba penye bonde la kiuno. Kwa mtu asiye na feza ya kiti kingine, dawa hii ni njema sana, na anaweza kuijaribu leo.

Fundi wa kushona ana shida yake, maana kazi inamvuta mbele na miguu inakanyaga mashini. Munganga wa Denmark, A. C. Mandal, alifundisha kwamba mwenye kazi ya kuinama anasaidiwa na kiti cha juu kidogo chenye kuteremka mbele. Kuweka kibao cha sentimeta 2 chini ya miguu ya nyuma ya kiti kunatosha kujaribu. Vibao vipigwe misumari vizuri. Mama mwenye mimba asijaribu jambo hili. Yeye akae na kuegemea, miguu juu ya kibao, na aondoke mara kwa mara kuliko wengine.

Kuondoka

Hata kiti bora hakitoshi. Mwaka wa 1953 munganga Jerry Morris na wenzake walitangaza habari za watu wa mabasi ya London. Dereva alikaa siku nzima. Mwenzake mwenye kukata tikiti alipanda na kushuka ngazi za basi la gorofa mbili. Madereva waliugua moyo kuliko wenzao. Tangu hapo wengi wamechunguza jambo hilo, na mwaka wa 2020 Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) lilishauri watu wazima wapunguze saa za kukaa, na wafanye kazi ya mwili ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kila juma. Kutembea kwa haraka kwenda kazini kunahesabiwa. Kulima kunahesabiwa.

Basi, kila nusu saa simama. Peleka karatasi mwenyewe badala ya kumtuma mtoto. Zungumza kwa simu ukitembea. Wengine wanaona haya kusimama wakati mkubwa wao amekaa, au katikati ya mkutano mrefu. Tunajua desturi hiyo. Mkubwa mwenye hekima atasimama yeye kwanza, na wengine watamshukuru.

Maumivu yasiyo ya kiti

Kama umerekebisha kiti, unaondoka kila nusu saa, na baada ya majuma machache mgongo unaendelea kuuma, uje uonwe. Usingoje hata kidogo kama kuna homa, au jasho la usiku, au unapungua mwili, au kuna mfupa mmoja wa mgongo wenye kutokeza nje. Inawezekana ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ugonjwa huo unaanza polepole, na mtu analaumu kiti au mzigo kwa miezi mingi, mpaka miguu inalegea. Ukijulikana mapema dawa zinauponya.

Njoo siku hiyo hiyo, usiku au mchana, kama miguu inakosa nguvu, au mahali pa kukalia pamekufa ganzi, au mkojo hautoki, au unatoka bila wewe kutaka. Hivyo pia kama shavu la mguu mmoja limevimba na kuuma, hasa kama pumzi inakatika. Mgonjwa huyo asitembee njia ndefu kwa miguu. Watu wa nyumbani wamtafutie kipoyi au pikipiki.