Somo la Afya: Vitamini D na Korona

Korona ilipoenea duniani mwaka 2020, watu wengi walikimbilia vidonge vya vitamini D. Walitumaini vitaongeza kinga ya mwili hata ugonjwa usiwapate. Je, vilisaidia?

Kazi kubwa ya vitamini D ni kuuwezesha mwili kutumia kalsiamu, yaani madini yanayojenga mifupa na meno. Chembe za damu zinazopigana na vijidudu nazo huitumia. Kwa hiyo waliouliza swali hili hawakuwa wajinga. Lakini kuuliza ni jambo moja, kupima ni jingine.

Tuitazame nchi ya Norwe, kaskazini ya Ulaya. Wakati wa baridi jua la huko ni hafifu mno, haliwezi kuipa ngozi vitamini D. Toka zamani watu wake hunywa mafuta ya ini la samaki, yenye vitamini hiyo. Basi mwishoni mwa 2020 wataalamu walianza kuwagawa watu wazima zaidi ya 34,000 katika mafungu mawili yanayokaribia kulingana. Fungu moja lilipewa mafuta ya samaki, kijiko kimoja cha chai kila siku. Fungu la pili lilipewa mafuta ya mahindi. Hakuna aliyeambiwa anakunywa yapi. Baadaye wakahesabu waliopimwa na kukutwa na korona. Fungu la kwanza watu 227, fungu la pili 228. Toa mwenyewe uone tofauti! Ila wengi wao tangu mwanzo hawakuwa na upungufu wa vitamini D. Kilichopunguza sana vifo vya korona ni chanjo.

Sasa tuje kwetu. Mkulima anayeshinda shambani hutengenezewa vitamini D na jua, tena bure. Fedha ya vidonge afadhali anunue dagaa. Na vidonge vikizidi mno ni hatari: kalsiamu hujaa katika damu, mtu akatapika, akashikwa na kiu, hata figo zikaharibika.

Wapo lakini wanaoweza kupungukiwa: mgonjwa wa kitandani, mzee asiyetoka nje, na mtoto mchanga anayefichwa ndani, maana maziwa ya mama yana vitamini D kidogo. Mtoto huyo anaweza kupata matege. Ukiona miguu yake inapinda, usikimbilie dukani. Mpeleke zahanati, ukaeleze anakula nini na hukaa nje muda gani.