SOMO: WAMAMA WA MAKABILA MBALIMBALI NA CHAKULA CHA MUTOTO MUCHANGA

Ninyi wanafunzi munatoka kwa makabila mengi, na kila mwaka tunapofika kwa somo hili darasa linaanza kuchekana. Mumoja anasema, "Kwetu mutoto anaonja uji mbele ya kitovu kuanguka." Mwingine anashika kichwa. Lakini siku munapoingia katika chumba cha watoto wagonjwa, hakuna anayecheka tena. Kwa sababu hiyo somo hili ninalifundisha polepole.

Kwanza mujue hivi: mwili wa mama haujui kabila. Maziwa ya mama wa mwituni, ya mama wa soko, ya bibi ya munganga, katika sehemu 100 yana sehemu 88 hivi za maji. Zinazobaki ni mafuta, sukari, vyakula vya kujenga mwili, na vitu vya kupigana na magonjwa. Tofauti haiko ndani ya ziwa. Iko kwa watu wanaomuzunguka mama, kwa kazi yake, na kwa feza yake.

Tuanze na maziwa ya kwanza, yale ya manjano. Kwa makabila mengi wamama wazee wanayakamua chini. "Ile iko usaha," wanasema, "iko chafu." Wanangoja maziwa meupe siku mbili au tatu, na katikati mutoto anapewa maji ya sukari ao maji ya majani. Ninyi munajua tayari kwamba maziwa yale ya manjano ndiyo chanjo yake ya kwanza, na kwamba tumbo lake siku ya kuzaliwa linatoshewa na kijiko kidogo kimoja kwa mara moja. Shurti anyonye mbele ya saa moja kupita.

Sasa musikilize desturi nyingine. Katika mwitu wa Ituri wanakaa Waefe, wale ambao wengi wanawaita Wambuti tu, majirani wa Walese walimaji. Watafiti waliokaa nao katika miaka ya 1980 waliandika kwamba mutoto wa Waefe, akiisha kuzaliwa, mara nyingi ananyonyeshwa kwanza na mwanamuke mwingine mwenye maziwa, na hata siku za nyuma anapitishwa kwa mikono mingi ya wamama wa kambi, nao wanamunyonyesha. Wao pia wanaogopa maziwa ya manjano. Lakini munaona tofauti? Mutoto hapewi maji ya kijito. Anapata maziwa ya mutu.

Ninakumbuka vizuri, maana kwa jambo hili nilikosa. Ningali kijana, katika hospitali moja ya mbali, wamama wawili walilala vitanda jirani. Mumoja alikuwa Mwefe mwenye homa kali, na dada yake alikuwa akimunyonyesha mutoto. Tulimugombeza yule dada kila asubui. Wa pili alikuwa mwalimu wa shule, mutoto wake wa miezi 3 alihara. Alikuwa na kitambaa cheupe, biberoni, na kopo la maziwa ya unga. Mimi mwenyewe nilimusifu mbele ya wengine kwa usafi wake. Mutoto yule alikufa siku ya ine. Mutoto wa Mwefe alirudi kwao akiwa munene.

Sikumuuliza yule mwalimu hata mara moja anatia vijiko vingapi. Nyuma, akilia, alisema kopo moja la gramu 400 alilitumia majuma mawili. Hesabuni pamoja nami: mutoto wa miezi 3 asiyenyonya anamaliza kopo lile mbele ya siku 4. Yeye alikuwa akimunywesha maji yenye rangi nyeupe, tena maji ya mutoni. Na kwa nini aliacha ziwa? Mama-mukwe wake alimwambia kwamba maziwa ya mwanamuke anayetembea kwa jua yanachacha, na shule ilimwita kazini.

Musifikiri biberoni ililetwa na uvivu wa wamama wa mujini. Wakati wa Wabelgiji, wakubwa walihuzunika kuona mama ananyonyesha miaka miwili ao mitatu bila kukaribia bwana wake, na uzazi unakuwa haba. Toka miaka ya 1920, katika kambi za wafanyakazi za Union Minière kule Katanga, walianza kugawa chakula cha watoto na kuhimiza wamama waachishe mbele ya wakati wa desturi. Walitaka watoto wengi, maana watoto ndio wafanyakazi wa kesho. Tangu pale ziwa likaonekana kuwa jambo la kishenzi, na kopo likawa heshima. Mwaka 1981 mataifa katika mukutano wa OMS yalikubaliana kwamba maziwa ya kopo yasitangazwe kwa watu wala yasigawiwe bure kwa wamama. Heshima ile ingali katika vichwa, hata vyetu sisi wenye kanzu nyeupe.

Kwa vijiji vyetu, lakini, adui wa kila siku si kopo. Ni maji. Uchunguzi wa serikali wa 2013-2014 ulionyesha kwamba karibu nusu tu ya watoto wasiotimiza miezi 6 walipewa maziwa ya mama peke yake. "Mutoto iko na kiu, jua ni kali," mama anasema. Mukumbushe zile sehemu 88. Penye ng'ombe, watu wanafikiri maziwa ya ng'ombe, nayo ni mazito kwa mafigo ya mutoto wa umri huu. Habari ya bwaki, inayoshika mutoto aliyeachishwa gafula kwa sababu mama ana mimba, tutaisoma katika somo lingine.

Kwa habari ya kunyonyesha mutoto wa mwingine, ninaongeza neno moja zito. Virusi vya SIDA vinapita katika maziwa, na vya Ebola vilevile, na Ituri tuliona Ebola toka 2018 mpaka 2020. Basi yule dada apimwe kwanza. Mama mwenye virusi vya SIDA anayekunywa dawa zake vizuri, yeye anyonyeshe mutoto wake mwenyewe.

Mukikuta mama, musianze kufundisha. Muulize: nani alimupa mutoto kitu cha kwanza kinywani? Nani nyumbani anakatalia neno lako? Unatoka kwenda kazi saa ngapi? Mara nyingi mutu wa kufundishwa ni mama-mukwe, si yeye.

Yule mwalimu alizaa tena nyuma ya miaka miwili. Safari hii tulimwita mama-mukwe naye, tukakaa kwa mukeka mumoja. Mukubwa wa shule tulimuonyesha sheria ya kazi, inayomupa mama anayenyonyesha nafasi mbili za nusu saa kila siku, hakuijua. Asubui mwalimu alikamua maziwa katika kikombe kilichochemshwa, akakifunika, akakiacha mahali pa baridi, na mama-mukwe alimunywesha mutoto kwa kikombe kile mbele ya saa ine kupita. Saa ya mapumziko mama-mukwe mwenyewe alimubeba mutoto mpaka shuleni.