Umechaguliwa Kamati ya Wakazi? Ya Kufanya na Kutofanya

Ukikubali kuwa mwenyekiti, katibu au mweka hazina wa chama cha wakazi, iwe Milimani, Lurambi au Kefinco hapa Kakamega, umebeba mzigo ambao hakuna anayekutajia siku ya makofi. Chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, hakishtaki wala hakishtakiwi kwa jina lake. Kesi huandikwa kwa majina ya maofisa wake. Samansi italetwa mlangoni pako, watoto wako wakiona. (Wenye fleti zilizosajiliwa chini ya sheria ya umiliki wa sehemu ya 2020 wana shirika linaloweza kushtakiwa lenyewe. Wasilegee kwa sababu hiyo.)

FANYA

Soma katiba ya chama, yote. Itisha mkutano mkuu kila mwaka, uandike kumbukumbu, upeleke ripoti ya mwaka kwa Msajili wa Vyama.

Mpe askari wa geti mkataba ulioandikwa. Huyu ndiye anayewafikisha wengi mahakamani, nao hushangaa, kwa sababu walimwona kama kijana wa kusaidiwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iandikiwe mkataba. Ana haki ya likizo ya siku 21 yenye malipo kila mwaka, na hafutwi kabla ya kuelezwa kosa lake na kusikizwa. Mlipie NSSF na SHA. Mkatie bima ya ajali kazini. Tazama anapokesha: mabati mawili juu ya miti minne, mvua ya Kakamega ikimpiga ubavuni, na huku kwetu radi si hadithi. Akiumia zamu yake, mwajiri ni nyinyi.

Fungua akaunti ya benki yenye sahihi zaidi ya moja. Toa risiti kwa kila shilingi.

USIFANYE

Usipokee ada za mtaa kwa M-Pesa yako binafsi, hata kwa wiki moja. Pesa zikichanganyika na za unga, hutaweza kueleza zipi ni zipi.

Usimkatie jirani maji wala stima kwa sababu ana deni la ada. Kefinco yenyewe ilipata jina kwa mradi wa maji wa Kenya na Ufini. Ni aibu mtaa kama huo kufungiana mifereji. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya maji safi, na kura ya wakazi haiwezi kuifuta. Usimfungie geti pia. Mwandikie barua ya madai, kisha nenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000.

Usiweke kizuizi kwenye barabara ya umma bila idhini ya maandishi.

Usiache kitabu cha wageni wazi mezani. Nimekiona mara nyingi: kimefunikwa nailoni, kurasa zimevimba unyevu, jina, nambari ya kitambulisho na ya simu, na kila anayeingia anasoma waliomtangulia. Dada aliyekuja kumjulia hali shangazi yake usiku anaanza kutumiwa ujumbe na mtu asiyemjua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu nyinyi, na Kamishna wa Data hupokea malalamiko.

Usiamuru mwizi apigwe. Ukimshika, mkabidhi polisi bila kuchelewa. Akifia mikononi mwenu, hilo ni shtaka la jinai, na hakuna mchango wa wakazi utakaokuokoa na kifungo.

Kama umechaguliwa Jumapili iliyopita, nenda leo kwa katibu aliyetoka uombe cheti cha usajili, taarifa za benki, mikataba ya askari na bima. Kisichokuwepo, waandikie wakazi wote kwamba hukukikuta, kabla hujatia sahihi hundi ya kwanza.