Usiku wa bendi Eastlands: nianzie wapi?

Swali: Nimehamia Umoja, Nairobi, majuzi. Napenda muziki unaopigwa papo hapo, si wa diski. Wikendi niende wapi, na nijihadhari na nini?

Jibu: Karibu Eastlands. Chagua muziki kwanza, kisha uulize mtaani unapigwa baa gani na siku gani, maana wanamuziki huhamahama.

Kwenye mugithi ya Wakikuyu mara nyingi utamkuta mtu mmoja na gita, midundo ikitoka kwenye kinanda. Nyimbo zikikolea, wateja hushikana mabega na kuzunguka baa kama gari moshi. Ohangla ya Waluo hukimbia zaidi, na mwimbaji huwataja watu kwa majina. Ukitajwa, tuza, kwa hivyo beba noti ndogondogo. Rumba inataka subira: beti huenda polepole, kisha gita za sebene, ile sehemu ya kasi, huinua ukumbi mzima.

Wahi mapema. Sheria ya vileo ya 2010 huruhusu baa za kawaida kuuza kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana wikendi. Klabu za usiku zenye leseni huendelea hadi saa 9 usiku.

Chupa yako ifunguliwe ukiiona. Ukilipa kwa M-Pesa, soma jina la anayepokea kabla ya kukamilisha malipo. Panga usafiri wa kurudi kabla ya kuketi, na usingojee teksi barabarani peke yako.