Vidonge vya vitamini na fizi zinazotoka damu



Wagonjwa wengi wa fizi tunaowapokea wameshakula vidonge vya vitamini C kabla ya kufika kwetu. Mama mmoja wa Mkuyuni alivinunua kwa miezi mitatu, tena kwa fedha aliyopata kwa kuuza machungwa yake mwenyewe! Alipofungua kinywa, meno mawili ya mbele yalikuwa yanacheza.

Wazo lake lilikuwa na msingi. Kiseyeye chenyewe huletwa na upungufu wa vitamini C. Mabaharia wa Vasco da Gama walipokaa baharini karibu miezi mitatu wakitoka India, fizi zao zilivimba hata zikafunika meno, wasiweze kula, na watu 30 hivi walikufa. Walipofika Malindi, Januari 1499, wagonjwa walitamani machungwa.

Lakini kwetu fizi nyingi hutoka damu kwa sababu ya ukoga, yaani ule utando wa vijidudu unaojijenga kwenye shina la jino. Usipoondolewa huwa mgumu kama jiwe. Hapo mswaki hauuwezi, wala kidonge. Sharti ukwanguliwe na mtaalamu wa meno. Vitamini humsaidia yule aliyepungukiwa, ili fizi zipone vizuri baada ya kusafishwa. Asiyepungukiwa akiongeza vidonge, sehemu kubwa hutoka na mkojo.

Na aliyepungukiwa asikimbilie dukani. Pera moja la wastani lina vitamini C ya kumtosha mtu mzima kwa siku nzima. Mapapai na machungwa nayo tunayo. Mchicha usichemshwe mno, maana moto huiharibu vitamini hiyo. Hutusikitisha kuona matenga yote ya matunda yakipakiwa kwenda Morogoro mjini, na watoto wakibaki na ugali na chai.

Pigeni mswaki asubuhi na kabla ya kulala, wa dukani au wa mti uliotafunwa ukawa laini. Wengi wakiona damu huacha kupiga mswaki, na hilo ndilo kosa kubwa: ukoga huzidi. Endeleeni polepole. Wajawazito fizi zao huvimba kwa urahisi, na wenye kisukari huugua fizi zaidi, hao wasingoje. Damu ikiendelea wiki mbili, usaha ukitoka au jino likicheza, njooni hospitali.

Yule mama alisafishwa meno akafundishwa kupiga mswaki. Jino moja liling'olewa, la pili limekaza.