Mgao wa Kaunti Ukikwama, Nani Aulizwe?

Mwaka wa kifedha huanza Julai 1. Fedha zikichelewa, mkazi anayekosa dawa katika zahanati na mwanakandarasi ambaye hajalipwa huilaumu afisi iliyo karibu nao, ya kaunti. Wakati mwingine kizuizi kiko Nairobi.

Ndivyo ilivyokuwa 2019. Seneti ilitaka kaunti 47 zigawiwe Sh335 bilioni. Bunge la Kitaifa likashikilia Sh310 bilioni. Huku kila upande ukilaumu mwingine, mwaka mpya ulianza bila sheria ya mgao. Magavana walikwenda Mahakama ya Juu. Mwafaka wa Sh316.5 bilioni ulipatikana Septemba.

Ili kujua pesa zimekwama wapi, fuata hatua hizi:

1. Mswada wa Ugavi wa Mapato hugawa fedha kati ya Serikali ya Kitaifa na kaunti. Mabunge mawili yakitofautiana, kamati ya upatanishi huundwa.
2. Mswada wa pili huonyesha fungu la kila kaunti.
3. Bunge la Kaunti huidhinisha bajeti ya kaunti.
4. Hazina ya Kitaifa hutuma mgao. Kaunti huomba kutoa fedha, na Mdhibiti wa Bajeti huidhinisha.

Hatua ya tatu, na maombi katika hatua ya nne, ni wajibu wa kaunti. Hapo haiwezi kusingizia Nairobi. Kwa hivyo, katika vikao vya ushiriki wa umma, mkazi aulize: pesa zimefika hatua gani, na ni nani anayezishikilia?